Kupanda Kinyumenyume

Baba yangu alikuwa dereva wa ofisi ya ramani kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote alipata jina moja tu la utani lililomganda: Kinyumenyume. Nitaeleza lilikotoka, maana nimepigana kwa ajili yake. Nilipokuwa na miaka saba alirudi kutoka safari ya milimani akasema amefika na gari kwenye lile ziwa la juu kabisa, ambalo kila mtu alilitaja na hakuna aliyeliona. Mwinuko wa mwisho, alisema, ulikuwa mkali hata gari likakataa kwa gia ya kwanza, basi akaligeuza na kupanda kwa rivasi. Kesho yake darasa zima lilikuwa na habari, kwa sababu mimi sijawahi kujua kufunga mdomo. Siku hiyohiyo mvulana mmoja wa darasa la nne akasema baba yangu ni mwongo, nikampiga na mkoba wa shule uliokuwa na chupa ya maji ndani.

Ubaya ni kwamba karatasi zilikuwa upande wa yule mvulana. Mpimaji aliyesafiri na baba aliandika ripoti, na ripoti ilisema gari lilishindwa chini ya mwinuko wa mwisho, ziwa halikufikiwa. Baba akasema Mpimaji alikuwa hoi, amelala nyuma ya gari na blanketi usoni, angeona nini? Miaka michache baadaye Mpimaji akafariki kwa maradhi mengine, na ubishi ukabaki bila shahidi. Madereva wa kituoni wakimwona baba walikuwa wanarudi hatua tatu nyuma ndipo wamsalimie. Rafiki yake wa chai, mzee tunayemwita Breki, mpaka leo humwambia kwamba njia ya mwongo ni fupi, ila yako wewe ilikuwa na mwinuko. Baba hucheka nao. Mimi sicheki.

Nikakua, nikawa dereva na mimi. Nina gereji ndogo nyuma ya nyumba: shimo moja la kukagulia magari, meza ya chuma, kalenda ya mwaka juzi ambayo siitoi kwa sababu imeziba ufa, na gari la foo-wili la dizeli ninalolipenda kuliko baadhi ya shemeji zangu. Kazi yangu ni kuwapeleka watu kusikopelekeka. Na kadiri nilivyoyajua magari, ndivyo nilivyozidi kuikwepa hadithi ya baba. Hili sikuwahi kumwambia mtu. Mbele za watu nilimtetea kwa ukali, halafu nikiwa peke yangu chini ya gari la mteja, spana mkononi, najiuliza: gari la petroli la zamani zile, hewa nyepesi namna ile, kweli? Nilikuwa nakaza nati kupita kiasi, kisha naendelea na kazi.

Mwaka huu akaja Daktari. Si wa watu. Ni daktari wa maziwa, na nilipomtaja hivyo nyumbani mume wangu akauliza kama ni ya ng'ombe au ya mbuzi. Alikuwa mwanamke mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni, na maswali yasiyokauka. Kabla hajaketi alishaniuliza kwa nini shimo langu lina ngazi upande mmoja tu na kwa nini paka wangu ana mkia nusu. Alitaka kupeleka boya la vipimo kwenye ziwa la juu, likae majini lirekodi joto na kina mwaka mzima. Boya na nanga zake lilikuwa na kilo mia moja na themanini na halikuweza kufunguliwa vipande. Wabebaji walilitazama wakacheka. Madereva wanne walimkatalia, na wa nne ndiye aliyemwelekeza kwangu, akasema mimi nina sababu zangu za kutaka kwenda huko.

Alikuja na nakala ya ripoti ya Mpimaji. Akaiweka juu ya meza ya chuma, kidole kwenye mstari unaosema gari halipiti.

"Lakini nasikia mzee wako anasema alipita," akasema. "Kati ya karatasi na mzee, mmoja amekosea. Mimi ningependa kujua ni nani. Wewe je, dada?"

Nilimjibu kwamba ninachotaka kujua ni tarehe ya kuondoka. Nilimdanganya. Nilitaka kujua kuliko yeye, na niliogopa kuliko yeye. Gari likipita, baba angeishi siku zake zilizobaki akiwa mtu wa kweli. Lisipopita, basi maisha yangu yote nimepigana upande wa mwongo, na safari hii ningeliona hilo kwa macho yangu mwenyewe.

Baba ana miaka sabini na saba na anaishi nasi, kwenye chumba cha mbele chenye dirisha linalotazama gereji ili asikose nafasi ya kunikosoa. Nilidhani nikimwambia nakwenda ziwani atasimama. Aliendelea kumenya chungwa. Akasema hiyo kazi niiache, zipo nyingine. Nikamuuliza kwenye mwinuko alishika upande wa mawe au wa changarawe. Akasema nitaona mwenyewe. Nikamuuliza alianza kurudi nyuma kutokea wapi. Akasema hayo ni mambo ya zamani, hebu nimletee kisu chenye makali. Nikajua ni hofu ya mzazi, nikamletea kisu.

Tuliondoka Jumanne alfajiri. Mwanzo ilikuwa barabara, kisha kitu kilichowahi kuwa barabara, kisha mto. Nilimwambia Daktari akae garini nikague kivuko, na kabla sijafunga mlango alikuwa majini, suruali kaikunja magotini, fimbo mkononi, ananisomea kina sehemu saba kwa sentimita. Nimewahi kubeba abiria wanaojifunika macho mtoni. Huyu alikasirika kwamba tumevuka haraka mno. Tulilala bondeni kwenye hema zetu mbili, na asubuhi tukaanza kupanda kwelikweli.

Tulipoiacha miti nyuma, mambo yakaanza kuwa ya ajabu. Pakiti za biskuti zilivimba zikawa kama mito ya kulalia. Chai ilichemka kabla sijageuza shingo, nikainywa palepale na ulimi haukuungua. Daktari akanieleza kwamba huko juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji, kwa hiyo yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Ukipika maharage utakula kesho. Kisha tairi. Chini nilikuwa nimezipunguza upepo na kuandika kipimo kwenye daftari. Juu nikapima tena, upepo umeongezeka na hakuna aliyeongeza. Nikakitukana kipimo changu. Daktari akasema kipimo hakina kosa. Hewa ya nje ndiyo imepungua, na tairi linajiona tajiri kwa sababu majirani wamefilisika. Nilicheka mpaka nikaishiwa pumzi, na huko juu pumzi huisha upesi.

Lakini kilichonitia wasiwasi ni injini. Ilihema. Moshi mweusi nyuma, nguvu nusu, na kila kilima nilichozoea kukipanda kwa gia ya pili nilikipanda kwa ya kwanza. Nilikuwa nasikiliza mlio ule huku najibu maswali ya Daktari, na moyoni nahesabu gia zilizobaki.

Mwinuko wa mwisho tuliufikia saa sita mchana. Ulikuwa mfupi kuliko nilivyouota, mita mia mbili hivi, upana wa magari mawili, changarawe chini na mwamba uliolala juu. Kushoto ukuta, kulia hakuna kitu. Nikaweka foo-wili, gia ndogo, namba moja. Gari lilifika katikati, likakohoa, likazima. Nikashuka nalo taratibu, nikajaribu upande wa mawe, likazima palepale. Mara ya tatu nilikuja na hasira, na hasira haijawahi kumsaidia dereva. Lilizima, likateleza kinyumenyume na kukaa mshazari, tairi la nyuma la kulia likasimama pima moja kutoka ukingoni. Daktari, aliyekuwa anafuata kwa miguu na jiwe mikononi, alilisukumia jiwe lake chini ya tairi bila kuambiwa na mtu.

Nilishuka nikalipiga tairi teke, nikaumia kidole. Kisha nikakaa chini. Daktari akakaa kando yangu, akapangusa miwani kwa muda mrefu.

"Panatosha, dada," akasema. "Boya nitatafuta namna nyingine. Nitaandika tu kwamba Mpimaji alikuwa sahihi."

Hakusema kwa ubaya. Lakini niliziona karatasi mbili za kumkanusha baba badala ya moja, na jina lake limekandamizwa chini ya zote mbili.

"Bado gia moja," nikamwambia.

Kwa fundi hii si siri. Kwenye gari langu rivasi ni fupi kuliko gia ya kwanza: magurudumu yanazunguka polepole zaidi, na injini inasukuma kwa nguvu zaidi. Nimelijua hilo miaka mingi. Ningeweza kuanza nalo tangu mwanzo na kuokoa kidole changu cha mguu. Sikuanza nalo kwa sababu niliogopa, basi. Gia ya kwanza ikishindwa, bado mtu anaweza kusema labda. Rivasi ikishindwa, labda imekwisha, na mtu mzima anarudi nyumbani akimjua baba yake.

Nililishusha gari mpaka chini, nikaligeuza, mkia ukatazama mlima. Nikatoa kichwa na bega zima nje ya dirisha. Daktari alitangulia upande wa ukutani, anatembea kinyumenyume na yeye ili anione, jiwe kalikumbatia, ananielekeza kwa kidevu. Nikaachia klachi. Gari likaguna na kuanza kwenda, mwendo wa mtu anayesukuma kabati. Tulipita pale lilipozimia mara zote tatu na sikuthubutu kupumua. Kwenye kioo cha mbele bonde zima lilikuwa linazama taratibu, na nilijikataza kulitazama. Mwamba ulipoanza magurudumu yalirukaruka kidogo, yakashika. Daktari akapiga ukelele nisioelewa maana yake, na gari likalala sawa. Tulikuwa juu.

Nikazima injini nikalia. Sioni haya kulisema. Mwanamke wa miaka arobaini na minne, nimeegemea usukani nalia kama mtoto, na nilichokuwa nasema ni kimoja tu: mzee alisema kweli, mzee alisema kweli.

Ziwa lilikuwa mbele yetu, dogo kuliko sifa zake; ungelizunguka kwa miguu katika nusu saa kama mapafu yangekuruhusu. Karibu na ukingo maji yalikuwa meusi, katikati kijani, na kwenye kivuli cha jabali kulikuwa na barafu nyembamba iliyokuwa inagonganagongana na kulia kama vijiko ndani ya sinia. Hapakuwa na ndege wala mdudu. Daktari alishaingiza mkono majini. Tulipuliza mashua ya mpira, tukalishusha boya kwa kamba ya winchi, kazi ikatuchukua mpaka jua likainama. Alipokuwa anafunga masanduku yake alitazama changarawe ya ukingoni, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba udongo wa huku alama ya tairi hukaa miaka mingi, na hajaona hata moja. Nikamwambia miaka thelathini na saba na upepo huu si mchezo. Akakubali kwamba ni mingi.

"Ripoti nitaisahihisha," akasema. "Nitaandika nani alifika kwanza kwa gari, na lini. Nahitaji maelezo yake mwenyewe, jinsi alivyopanda. Muulize, kisha unipigie."

Ijumaa mchana nilimshusha Daktari mjini, na badala ya kwenda nyumbani nikapitia kituoni. Mtanisamehe. Nilisimama mbele ya kibanda cha chai nikawaambia wote, Breki akiwa katikati, kwamba nimepanda kwa rivasi na nina shahidi mwenye shahada tatu. Breki alivua kofia. Akasema kumbe ametukana mtu wa kweli miaka yote hii, na kesho atakuja kuomba radhi. Niliendesha mpaka nyumbani naimba.

Baba alikuwa dirishani. Nilimsimulia nikiwa nimesimama, na vumbi langu, mikono inakwenda huku na huku. Nilisubiri acheke, au aseme si niliwaambia. Hakufanya hivyo. Alisogeza kiti mbele na kuanza kuuliza.

"Kichwa ulikitoa dirishani, au ulitumia vioo?"

Dirishani, nikamwambia. Akauliza mwenye jiwe alisimama upande gani. Akauliza injini niliizungusha kwa mlio gani, wa juu au wa wastani, nikamwigia mlio. Akauliza magurudumu ya nyuma yalifanya nini pale mwamba unapoanza, je, hayakurukaruka? Yalirukaruka kidogo, nikamwambia, kisha yakashika. Akapiga goti lake kwa kiganja.

"Yakashika," akasema. "Hapo ndipo nilipokuwa sina uhakika napo."

Nilishusha mikono. Mtu aliyepanda haulizi hivyo. Mtu aliyepanda huniambia mimi, na hunikatiza, na husema ya kwake yalirukaruka zaidi.

"Baba. Wewe ulitumia nini? Dirisha au vioo?"

Aligeuza uso, akaitazama gereji.

"Sikupanda, mama," akasema.

Basi akanieleza, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Walifika chini ya mwinuko jioni. Alijaribu kwa gia ya kwanza mara tatu, likazima mara tatu. Wakalala pale. Akiwa macho kwa baridi akaifikiria rivasi, akaipiga hesabu akaona itawezekana, akangoja kupambazuke kwa hamu ambayo hajawahi kuwa nayo tena maishani. Kulipopambazuka Mpimaji alikuwa hajui aliko, anapumua kwa mlio wa maji kifuani, povu mdomoni. Maradhi ya mwinuko; dawa yake ni kushuka. Baba aliutazama ule mwinuko, dakika ishirini za kupanda, labda nusu saa. Kisha akamfunika Mpimaji blanketi, akawasha gari, akashuka naye bila kusimama mpaka mgonjwa alipoanza kuuliza wako wapi.

Nilipandwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nikamwambia aliokoa mtu, hilo ni kubwa kuliko ziwa, kwa nini basi hakulisema hilo, kwa nini akaenda kujisifia mawe?

"Kwa sababu wewe hukuniuliza hilo," akasema. "Nilikuta umekaa mlangoni, unanisubiri. Hukunisalimia hata. Ulisema, baba, ulifika? Nikasema ndiyo. Nilisema tu. Nikapanga asubuhi nikuambie kweli, na asubuhi nilipoamka ulikuwa umeshakwenda shule."

Nilikung'uta vumbi la suruali.

"Kisha ukarudi nguo imechanika," akasema, "umempiga mtoto wa watu, unajivunia. Nikasema basi, nitalibeba."

Nikatoka. Nilikwenda gereji nikazipanga spana kwa ukubwa, kisha nikazivuruga, nikazipanga tena. Nilimchukia kwa muda wa spana kumi na nne hivi. Miaka thelathini na saba watu wanamrudia nyuma hatua tatu, naye anacheka nao, na kila nilipomtetea nilikuwa nampigilia msumari mwingine. Na leo, kabla hata sijavua viatu, nimeshawatangazia kituo kizima.

Nilirudi chumbani kwake na simu sikioni. Nilitaka asikie. Daktari akapokea, akaniuliza papo hapo kama nimepata mwaka na aina ya gari.

"Hakufika," nikamwambia. "Aliishia chini ya mwinuko, kama ripoti ilivyosema. Aliijua njia ya kupanda akaiacha, kwa sababu Mpimaji alikuwa anakufa na ilibidi amshushe. Hilo ripoti haikulisema, kwa hiyo liandike. Rivasi ni wazo lake. Aliyepanda ni mimi."

Daktari, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuuliza kitu. Alisema ataandika hivyo hivyo, neno kwa neno.

Nilikata simu. Nikamwambia baba kwamba kwa Breki atakwenda mwenyewe, kesho asubuhi na mapema, kabla Breki hajaja huku kuomba radhi, na kwamba mimi simsindikizi. Akaitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa na maji, na yangu pia, na tulikuwa tunatazama pande tofauti kama watu wanaosubiri kuitwa ofisini.

"Nikuulize kitu?" akasema baadaye.

"Uliza."

"Huko juu kukoje?"

Nilivuta kigoda, nikavua viatu, nikaanza kumsimulia kuanzia pale alipogeuzia gari.